Prince Nikolaus Esterházy: alipenda muziki au alipenda kumiliki wanamuziki?

#1 Mdau wa Tungo
Wakuu habari za jioni. Naleta mada tujadili kwa hoja.

Siku hizi namsikiliza sana Joseph Haydn, mtunzi wa Austria wa karne ya 18, na kila nikitafuta habari zake namkuta bosi wake, Prince Nikolaus Esterházy wa Hungary, yule waliyempa jina la Nikolaus wa Fahari. Kazaliwa 1714, karithi ukuu wa ukoo 1762 baada ya kaka yake Paul Anton kufariki, na mpaka anaingia kaburini 1790 Haydn alikuwa bado yuko kwenye orodha yake ya mishahara.

Kinachonikera ni hiki: huyu mtu alikuwa na pesa ya kula maisha Vienna pale mjini karibu na kila kitu, yeye akaenda kujenga jumba la vyumba 126 kwenye kinamasi karibu na ziwa Neusiedl, sehemu ambayo ilikuwa na nyumba ya kuwindia tu, akaliita Eszterháza. Akaweka jumba la opera, akaweka na jumba la vikaragosi, okestra nzima akaihamishia huko na wake zao wakabaki nyuma. Mwenyewe alikuwa anapiga ala inaitwa baryton, basi Haydn akatungishwa trio (vipande vya wapigaji watatu) zaidi ya 120 za hiyo ala moja!

Msimamo wangu ni kwamba huyu hakupenda muziki, alipenda kumiliki watu wanaopiga muziki. Anayebisha aje na hoja.

#2 Ngoma Nzito
Nimekaa mbele kabisa. Ila mkuu hiyo baryton ndo dude gani? Mimi najua baritoni ya kwenye kwaya tu.

#3 Kidole Gumba
Ngoma Nzito, unaishika katikati ya magoti kama selo, ile fidla kubwa. Mbele ina nyuzi 6 au 7 za utumbo, hizo unazipiga kwa uta. Sasa nyuma ya shingo kumeachwa uwazi na humo zimepita nyuzi nyingine za chuma. Hizo za chuma zinaitikia zenyewe ukipiga za mbele, na pia unaweza kuzidonoa kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto wakati vidole vingine vinne viko kazini kubana nyuzi za mbele. Yani mkono mmoja unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kuitune tu ni shughuli ya nusu saa.

Mleta uzi hapa ndo napingana na wewe. Mtu anayetaka sifa anajifunza fidla au kinanda, kitu ambacho wageni wake wanakijua na watampigia makofi. Kuchagua chombo kigumu ambacho hata enzi hizo wapigaji wake walikuwa wa kuhesabu, halafu ukikalie miaka, hiyo ni mapenzi hakuna jina lingine.

#4 Besi la Chini
Sisi wa kwaya Haydn tunamjua kwa Uumbaji, ile Mbingu Zahubiri ikipigwa vizuri Jumapili mpaka wazee wa mbele wanasimama. Kama huyo Prince ndo alimlisha Haydn mpaka akatoa kitu kama kile basi mimi namshukuru, mengine atajibu kwa Mungu wake.

#5 Mlowezi Vienna
Besi, Uumbaji ulisikika mara ya kwanza 1798 hapa Vienna. Nikolaus alishakufa 1790. Hiyo kazi Haydn kaiandika baada ya kwenda London na kusikia kwaya kubwa zikiimba kazi za mtunzi Handel kule, kwa hiyo usimpe Nikolaus sifa isiyo yake.

Na niongeze mawili kwa mleta uzi. Kwanza, Nikolaus sio mtoto wa mfalme, msichanganye. Esterházy ni ukoo wa makabaila wa Hungary chini ya Habsburg, watawala wa Austria, cheo cha Prince ni cha ukoo. Pili, aliyemwajiri Haydn sio yeye, ni Paul Anton, mkataba wa tarehe 1 Mei 1761, gulden (pesa ya huko enzi hizo) 400 kwa mwaka. Nikolaus alimrithi pamoja na nyumba na farasi, ila alipoingia tu akampandishia mpaka 600. Nipo huku Austria, mji wa Eisenstadt ambako jumba lao la zamani lipo ni mwendo mfupi tu kwa basi, nimeshapeleka wageni kibao.

#6 Mama Neema
Mlowezi asante. Sasa huo mkataba unasemaje? Maana hapo ndo tutajua kama alikuwa msanii au kijakazi.

#7 Mlowezi Vienna
Mama Neema huo mkataba ukiusoma unaweza kulia. Haydn avae sare, soksi nyeupe, shati nyeupe, nywele za poda na kimkia kisogoni au wigi, na ahakikishe wanamuziki wote wako hivyo hivyo. Kila siku kabla ya mchana na baada ya mchana asimame ukumbi wa nje asubiri kuulizia kama bwana anataka muziki leo. Atunge chochote atakachoagizwa, asimpe mtu nakala, na asimtungie mtu mwingine bila ruhusa. Tungo zote mali ya bwana. Hicho kipengele cha umiliki kilikuja kuondolewa kwenye mkataba mpya wa 1779, ndo Haydn akaanza kuuza kazi zake kwa wachapishaji kwa uhuru.

#8 Mdau wa Tungo
Si mnaona sasa! Miaka 18 tungo ni mali ya bwana. Nifunge uzi?

#9 mpiga solo wa zamani
Usifunge mkuu tulia kwanza.

Mimi nimepiga gitaa kwenye hoteli moja huko Ghuba, sitaitaja. Sare tulipewa, suruali nyeusi na koti la kung'aa. Familia huruhusiwi kuleta, chumba mnalala wanne, pasi ya kusafiria anakaa nayo meneja. Kila jioni tunasimama karibu na mlango wa jikoni tukisubiri kuambiwa leo wageni wanataka nini. Hiyo ya #7 nimeisoma mara mbili maana ni maisha yangu kabisa.

Lakini niseme ukweli, muziki wangu ulikomaa pale. Nyumbani tulikuwa tunapiga harusi na vipaimara tu, nyimbo zile zile. Pale usiku hadi usiku na wenzako wale wale, unamjua mpiga besi ataingia wapi kabla hajaingia. Bendi haipati hivyo kwa mazoezi ya Jumamosi. Haydn mwenyewe alisema maneno ya namna hii uzeeni, kwamba kule alikuwa mbali na dunia, hakuna wa kumchanganya wala kumsumbua, kama kiongozi wa okestra aliweza kujaribu akaona kipi kinakolea na kipi kinapoza, kwa hiyo ikabidi awe na sauti yake mwenyewe. Mimi namwelewa. Ukiniuliza ningerudi? Hapana. Ukiniuliza najuta? Hapana pia.

#10 Ngoma Nzito
#9 umeandika kitu kizito kaka. Ila meneja wako alikuwa anapiga ala yoyote?

#11 mpiga solo wa zamani
Alikuwa anapiga kelele tu.

#12 Mama Neema
Turudi kwa wake za watu jamani. Mnapita tu hapo kama hamjaona. Mwezi Januari 1772 Prince alitoa amri kwamba wanamuziki wasilete wake wala watoto Eszterháza hata kwa saa 24, isipokuwa wachache tu, Haydn akiwa mmojawapo. Msimu ukawa mrefu, wanaume wako kinamasini, wake zao Eisenstadt, safari ya siku nzima kwa gari la farasi. Ndo ikaja ile simfoni namba 45, ya Kuagana.

Kwa ambao hawaijui: sehemu ya mwisho inaanza kwa kasi kama kawaida, ghafla inakatika, unaingia mwendo wa pole ambao hukuutegemea. Kisha mmoja mmoja anamaliza kipande chake, anazima mshumaa wa kwenye stendi yake, anachukua chombo chake anaondoka. Wa obo, aina ya zumari, kaenda, wa pembe kaenda, wa besi kaenda na dude lake. Mwisho wanabaki fidla mbili zenye kiziba sauti, Haydn na Tomasini, kiongozi wa wapiga fidla, nao wanaishia kwa sauti ndogo. Prince akaelewa, akasema kama wote wanaondoka basi na sisi tuondoke, kesho yake watu wakafungasha kurudi kwa wake zao.

Sasa niambieni, bwana katili asiyependa muziki angeelewa ujumbe wa namna hiyo? Angemfukuza mtu. Ujumbe ulikuwa ndani ya muziki na yeye akausikia.

#13 Kinubi
Mama Neema hadithi tamu ila sio version pekee. Kuna masimulizi mengine ya kale yanasema shida haikuwa wake, Prince alitaka kuivunja okestra na Haydn akamwonyesha kwa simfoni ukumbi utakavyokuwa mtupu. Yote yameandikwa miaka mingi baadaye. Amri ya 1772 ipo kweli, simfoni ya mwaka huo ipo kweli, kilicho katikati yake ni cha wasimuliaji.

Kitu ambacho mimi kinanishika ni kii. Iko F shapu maina. Nani enzi hizo alikuwa anaandika simfoni nzima kwenye F shapu maina? Pembe za wakati ule hazina vali, unabadilisha kii kwa kuchomeka kipande cha bomba, na kipande cha kii hiyo hakikuwepo, ikabidi kiagizwe kwa fundi. Tafakari hapo: wanamuziki wanaandaa mgomo na tajiri mwenyewe ndo analipia vifaa vya mgomo.

#14 Shamba la Babu
Nimesoma mpaka hapa nimenyamaza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza pesa ilitoka wapi.

Esterházy walikuwa wenye ardhi wakubwa kuliko wote Hungary. Ardhi hiyo ilikuwa na wakulima wasio huru. Mwaka 1767 Maria Theresa, malkia wa Hungary, ndo akatoa sheria ya kuweka kikomo, kwamba mkulima mwenye shamba kamili afanye shokoa, kazi ya lazima bila malipo, siku 52 kwa mwaka akija na wanyama wake wa kukokota, au siku 104 akija na mikono yake mitupu. Hicho ni KIKOMO, maana yake kabla ya hapo ilikuwa zaidi, na juu yake bado kuna ushuru wa mavuno. Inasemekana Eszterháza iligharimu gulden milioni 13. Mgawanye kwa mshahara wa Haydn wa 600 muone mwenyewe.

Mnajadili soksi nyeupe za mwanamuziki wakati aliyelipia mishumaa ya hiyo simfoni alikuwa shambani anavuna ngano ya mwenzake huku yake inanyeshewa. Babu yangu alikwenda manamba mkonge Tanga, alikuwa akitusimulia nyumba ya meneja ilivyokuwa na gramafoni inalia jioni. Hakuwahi kusema ule muziki ulikuwa mbaya. Alisema tu uliwafikia wakiwa wamechoka.

#15 Mdau wa Tungo
#14 nakazia kwa wino mzito.

#16 Kidole Gumba
#14 hoja kubwa na siipingi. Ila kwa kipimo hicho hatutabaki na muziki wowote wa Ulaya wa karne hiyo, maana makabaila wote walikula kwa jasho hilo hilo. Tofauti ni kwamba wengi walitumia kwenye kamari, farasi na vita, huyu akatumia kwenye trio na opera. Swali la uzi lilikuwa kuhusu moyo wake.

#17 Shamba la Babu
Moyo wake haukujengewa kwa hewa mkuu.

#18 Kinubi
Mimi nadhani wote mnaruka sababu iliyo wazi: mashindano. Mwaka 1764 Joseph, mtoto wa Maria Theresa, anavikwa taji Frankfurt, mabalozi wote wanapamba nyumba zao kwa taa, Nikolaus naye yupo kama balozi, akawasha mtaa mzima mpaka Goethe, yule mwandishi wa Kijerumani, wakati huo kijana mdogo, akaja kuiandika uzeeni kama nchi ya hadithi za ajabu. Koti lake lilikuwa limejaa almasi. Watu waliiita Eszterháza Versailles ya Hungary, kwa kuifananisha na jumba la wafalme wa Ufaransa. Na inadaiwa alipenda kusema anachoweza Kaizari na yeye anaweza. Maria Theresa alikuja Septemba 1773, akapigiwa opera ya Haydn, akapigiwa ya vikaragosi, zikapigwa fataki, na maneno yaliyobaki mdomoni mwa watu ni kwamba Malkia akitaka opera nzuri anaenda Eszterháza. Hicho ndo alichokuwa anakinunua.

#19 Ngoma Nzito
Nimesikia pia alikuwa na mapicha ya hatari, ya mchoraji Raphael na wengine, na Beethoven alimtungia misa akaiponda. Huyo ndo wa mashindano haswa.

#20 Mlowezi Vienna
Huyo ni Nikolaus wa Pili, mjukuu wake. Yeye ndo mkusanya picha, na mkusanyo huo Hungary iliununua baadaye ukawa msingi wa makumbusho makubwa ya sanaa Budapest, Raphael yumo. Beethoven alimpelekea Misa ya C mwaka 1807 Eisenstadt, Prince akamuuliza kwa dharau ni kitu gani tena hiki umefanya. Babu mtu wa nyuzi, mjukuu mtu wa picha na misa. Ukoo mmoja, masikio mbali mbali.

Na kwa wanaosema Nikolaus wa kwanza alikuwa wa maonyesho tu, kuna nyumba ya Haydn pale Eisenstadt, leo ni makumbusho, vyumba vidogo vya dari ya chini. Aliinunua 1766. Ikaungua 1768, Prince akalipia ukarabati. Ikaungua tena 1776, akalipia tena. Hapakuwa na Malkia wala fataki hapo.

#21 Besi la Chini
Mwajiri wangu paa liliezuliwa na upepo nikamwomba mkopo wa mshahara akaniambia nilete barua. Nikolaus apewe maua yake.

#22 Kidole Gumba
Kinubi, mashindano yanaelezea opera. Hayaelezi baryton. Trio ya baryton, viola na selo inapigwa chumbani, watu watatu, hakuna wa kumtambia. Mwaka 1765 alimwandikia Haydn barua ya karipio, na mwishoni akamsisitiza aongeze bidii kutunga vipande vya baryton maana vilivyopo ni vichache. Mtu wa almasi analalamika nyimbo za chumbani hazitoshi!

Kisha kuna kile kisa kinachosimuliwa kwamba Haydn aliamua kujifunza baryton kimya kimya usiku, miezi mingi, ili amfurahishe. Siku ya siku akapiga mbele yake, na akapiga kwenye kii nyingi wakati Prince alikuwa amezoea chache. Akategemea pongezi. Prince akamjibu kwa ubaridi tu, kwamba wewe ni kazi yako kujua. Haydn akaelewa, akaiweka ala chini, akarudi kutunga.

#23 Mdau wa Tungo
Na hicho kisa ndo kinaniunga mkono mimi! Mpenda muziki angefurahi kupata mwenzake wa kupiga naye. Huyu aliona wivu. Baryton ilikuwa yake, na Haydn alikuwa wake, hakutaka hivyo viwili vikutane.

#24 mpiga solo wa zamani
Hapo mkuu umegonga ikulu. Bosi akipenda gitaa usimpigie solo ndefu.

#25 Kinubi
Halafu mapenzi ya baryton yenyewe yaliisha. Kuanzia miaka ya katikati ya 1770 trio zinakatika, anahamia opera mzima mzima. 1776 msimu rasmi unaanza, 1779 jumba la opera linaungua Novemba, linajengwa upya linafunguliwa 1781, na 1786 peke yake kulikuwa na maonyesho 125 ya opera. Mia moja ishirini na tano! Haydn hapo sio mtunzi tena, ni meneja, anarekebisha nyimbo za watunzi wa Italia, Cimarosa na Paisiello, ziwatoshe waimbaji waliopo. Tajiri anayebadilisha hamu zake hivi mimi namwona mtu aliyekuwa anakimbia upweke.

#26 Mama Neema
Kinubi umenigusia kitu. Mwaka 1790 mwezi wa pili mke wake Maria Elisabeth alifariki. Haydn kaandika barua kwa rafiki yake Marianne von Genzinger akieleza jinsi Prince alivyoanguka kwa majonzi, wakahangaika kumtoa huko. Siku za mwanzo wakapanga muziki wa vyombo tu, bila kuimba. Lakini jioni ya kwanza, ilipofika Adagio (kipande cha mwendo wa pole) moja ya D ambayo Haydn mwenyewe anaipenda, Prince akazama kwenye huzuni kiasi kwamba Haydn alipata tabu kumtuliza kwa vipande vingine.

Mzee wa miaka 75, mkewe kazikwa, anavunjwa na adagio. Na Haydn pale mbele anatafuta haraka haraka kipande gani kifuate. Mdau, mwenye kumiliki tu halii hivyo.

#27 Shamba la Babu
Na mwaka huo huo, mwezi wa sita, Haydn huyo huyo kwa Marianne huyo huyo akaandika kwamba ni huzuni kuwa mtumwa siku zote. Alinyimwa ruhusa ya kwenda Vienna. Zisomwe zote mbili.

#28 Mama Neema
Nimezisoma zote mbili kaka yangu. Za kwangu zinakaa pamoja.

#29 Ngoma Nzito
Baada ya Prince kufa ikawaje?

#30 Mlowezi Vienna
Septemba 1790 anakufa, mtoto wake Anton anaivunja okestra karibu yote. Nikolaus alikuwa amemwachia Haydn pensheni ya gulden 1000 kwa mwaka kwenye wosia, Anton akabaki naye kwa jina tu bila kazi. Akahamia Vienna, akatokea Salomon, mwandaaji wa matamasha kutoka London, akamwambia nimekuja kukuchukua, na mwaka mpya wa 1791 Haydn anavuka bahari kuingia Uingereza akiwa na miaka 58. Eszterháza ikaachwa, kinamasi kikarudi.

Kituko kingine, mkija Eisenstadt mtapelekwa kanisa la Bergkirche kwenye kaburi la Haydn la marumaru. Haydn alizikwa Vienna 1809, siku chache baadaye watu waliokuwa wanaamini kipaji kinaonekana kwenye umbo la fuvu wakahonga, wakaiba kichwa. Mmoja wao, Rosenbaum, alikuwa karani wa zamani wa Esterházy. 1820 Nikolaus wa Pili anahamisha mwili, kufungua, wigi lipo, kichwa hakipo! Walipokwenda kumsachi Rosenbaum mkewe akajilaza kitandani juu ya godoro lililofichwa fuvu. Prince akapewa fuvu la mtu mwingine. La kweli lilirudishwa 1954, na lile lingine halikutolewa, kwa hiyo mpaka leo kaburi lina mafuvu mawili.

#31 Mdau wa Tungo
Yani hata maiti wakaimiliki. Nabaki na msimamo wangu.

#32 Besi la Chini
Walioiba sio Prince mkuu, usimbebeshe na hilo.

Swali kwa wajuzi: tuna bendi ya matarumbeta kanisani, tunataka tuijaribu hiyo ya kuzima mishumaa siku ya kumuaga mchungaji anayehamishwa. Inawezekana?

#33 Kinubi
Chukueni ule mwendo wa pole wa mwisho tu, ule wa kasi utawatesa. Matarumbeta yenu ya B flati kwenye F shapu maina yatakuwa na shapu tano, vijana watakimbia kabla mshumaa haujawashwa. Huo mwendo wa pole wenyewe unaanza A meja unaishia F shapu meja, shusheni nusu hatua mtakuwa salama zaidi. Na wawili wa mwisho wawe wanaopumua vizuri.

#34 Kidole Gumba
Na msimpe mchungaji nafasi ya kupiga nao.